Darubini ya Kupimia Barafu

"Hii iko ya kulenga watu," askari wa kizuizi cha Koboko alisema, akiigonga darubini iliyowekwa juu ya boneti ya gari la mpimaji Lado.

"Hapana, afande. Iko ya kupima barafu kule Ruwenzori," Lado alijibu. "Ile barafu inatembea. Kila mwaka tunapima imefika wapi."

Askari hakucheka. Aliinama, akafumba jicho moja, akawaelekezea lenzi wenzake waliorudi jana kutoka vitani wameshindwa.

Hapo ndipo Lado alipokumbuka. Darubini ile humwonyesha kila mtu kichwa chini, miguu juu. Wapimaji wameshazoea.

Askari alizidi kukaza jicho kwenye lenzi. Tone la jasho likamdondoka puani, likatua juu ya chuma.

"Nani ingine," aliuliza polepole bila kuinua jicho, "ameona hii?"