Aliyenuna Ndiye

"Leo tazama nyuso, usitazame viatu," Shangazi alimnong'oneza, akamfinya kiwiko.

Kobe aliinua kichwa kwa shida. Jina hilo la utani hakulipata bure: mtu akimwangalia tu, shingo inazama mabegani. Na Shangazi, kwa hekima zake, akamweka huyo huyo kuuza saa dukani kwake!

Jana mteja aliingia, akapiga soga, akachagua saa, akauliza, "Kama hii lakini ya buluu, hamna?" Kobe, macho yamegandia kaunta, akakimbilia stoo kuitafuta. Aliporudi, mteja hayupo na trei nzima ya saa haipo.

"Usipomtambua," Shangazi alikuwa ameshamwambia, "dukani kwangu usikanyage tena. Undugu tutaumalizia misibani."

Sasa wako kituo cha polisi. Wanaume wamepangwa ukutani: mmoja mshukiwa, wengine wa kujaza mstari.

Wa kwanza alikuwa anapiga miayo. Wa pili alimpa tabasamu pana, Kobe akampita upesi. Mtu akimtabasamia, sura yake haimkai kichwani hata kidogo. Kila wiki hupishana sokoni na shemeji yake mcheshi kama hamjui. Lakini mwalimu aliyemfokea darasa la pili? Huyo anamkumbuka mpaka ndita za usoni.

Alipofika kwa wa nne, akarudi nyuma hatua moja. Ndita zile! Mdomo ule uliobinuka! Usiku kucha uso huo ulimnyima usingizi.

"Ndiye! Huyu! Aliniangalia kama takataka, siwezi kumsahau!"

"Kumbe una macho, mwanangu!" Shangazi alimpiga mgongoni kwa furaha.

Inspekta akakohoa. "Mama, huyo ni askari wangu. Tulipungukiwa mtu, nikamvua sare. Ndiye aliyekuja jana dukani kuandika maelezo ya kijana wako."

Shangazi akanyoosha kiganja. "Lete funguo za duka."

Mshukiwa hakutambuliwa, basi wote wakaambiwa waende zao. Kobe akatoka, macho kwenye viatu vya watu kama kawaida yake. Mlangoni yule wa pili alimpisha kwa adabu, akamshika bega.

"Pole sana, ndugu yangu. Halafu ile ya buluu, uliipata?"