Kimondo cha Mwanakheri

Mwanakheri alikuwa uani akisugua sufuria kimondo kilipopita. Kulimulika hata akaiona kila punje ya majivu kiganjani. Alifungua kinywa amwite mtu, akakumbuka kwamba leo mumewe Athmani yuko zamu kwa mke mdogo, nyuma ya ukuta huu huu. Ndipo akawasikia.

"Umekiona?"

"Nimekiona!"

Wakacheka pamoja. Mwanakheri akaisugua sufuria kwa wivu. Hata moto wa mbinguni tugawane?

Kesho yake zamu ilikuwa yake. Athmani hakungoja hata chai, akachora mezani kwa kidole.

"Kilitokea huku, mama Rukia, kikubwa kama karai, kikafika juu ya paa pale, basi, kikazimika. Hukukiona?"

"Nilishalala, mume wangu."

"Lo! Umekosa."

Mwanakheri akammiminia chai, akamwekea na sukari. Uani kwake hapakuwa na paa la kumziba. Hakikuzimika. Kilipasuka, na kipande kimoja kidogo, chekundu, kikaendelea peke yake polepole juu ya nyumba za watu, na hakuna aliyekitazama ila yeye.