Siku ya Shubiri

Mavyaa aliniwekea kikombe cha shubiri mbele yangu, akasema nisipomwachisha mwanangu Rahimu ziwa leo, kesho niende naye darasani.

"Mimi si yaya wa wasomi," alisema mama huyo wa mume wangu.

Jana jioni, kwenye masomo yetu ya tiba ya saikolojia kule Raskazone, mwalimu alisema mtoto anayenyonya hudhani ana mama wawili, wa titi linalompa na wa titi linalomnyima. Hukua siku anapotambua kuwa anayemchukia ndiye yule yule anayempenda, na kwamba hasira zake hazijamuua mama huyo. Niliandika haraka haraka, nimefurahi.

Nilipomsimulia mavyaa, alicheka. "Na huyo mwalimu wako kanyonyesha wangapi?"

Nikachovya kidole, nikapaka chuchu. Shubiri ikaacha rangi kama ya kutu.

Rahimu akaja mbio kama kawaida yake, akalishika titi kwa mikono miwili. Kisha akaacha, akatema. Ute wa manjano ukamning'inia kidevuni. Aliniangalia kama mtu aliyemkuta mwizi chumbani mwake, halafu akanizaba kofi la uso.

"Nipe mimi," mavyaa alisema akinyoosha mikono, wala hakuificha furaha yake. "Huoni hakutaki?"

Rahimu alimtazama bibi yake. Alikuwa tayari kwenda.

Mwili wangu wote ulitaka kumkabidhi kwa bibi yake, nikajifungie nilie.

"Mwache, mama," nilisema. "Bado hajamaliza kunipiga."