Kifuniko Cheupe

Ganda la karanga lilidondoka juu ya shuka la mwanamke aliyekuwa katika uchungu, na daktari hakujisumbua hata kulipangusa. Alitafuna, akaingiza vidole mfukoni kutafuta nyingine, akauliza mdomo umejaa, "Huyu kelele ngapi mpaka sasa?"

Hesabu mwenyewe, masikio unayo, mkunga alimjibu moyoni. Kwa mdomo alisema, "Nyingi, daktari."

Ptuu! Mtu huyu alimtia kinyaa. Tangu waanze huu utafiti wa dawa ya kutuliza uchungu, mkunga hakuwahi kumwona akimshika mzazi hata bega. Wodi nzima ilimwita Karanga, na jina lilimkaa.

Utafiti wenyewe ndio uliomchefua zaidi. Vichupa vilikuwa vya aina mbili, vya kifuniko cha buluu na vya kifuniko cheupe. Aina moja dawa, nyingine maji matupu. Ipi ni ipi, hakuna aliyeruhusiwa kujua pale wodini, hata Karanga mwenyewe. Mama akifika, anachomwa kichupa kilicho mbele kwenye kisanduku, bahati yake. Baada ya hapo kazi ya mkunga ni kuhesabu kelele.

Siku moja aliuliza kwa nini wasiulizwe wazazi wenyewe wameumia kiasi gani. Karanga alicheka mpaka vipande vya karanga vikamrukia mkunga shavuni.

"Mwanamke aliyetoka kuzaa ndiye unamuuliza? Atakutilia chumvi mpaka ukome. Wewe sikiliza kelele, basi."

Na kusema kweli, kelele zilitosha. Waliochomwa buluu walipiga mayowe, waliwatukana waume zao, waling'ata mashuka. Waliochomwa nyeupe walilegea, wakafumba macho, wakazaa bila hata kuguna. Machozi tu ndiyo yaliyowatoka, na mkunga aliyapangusa. Dawa nyingi huchokoza macho. Kesho yake baadhi yao waligeukia ukutani akipita, hata asante hawasemi. Mmoja alimshika aproni, akaanza kumsimulia ndoto mbaya aliyoota.

"Ndoto za dawa hizo, mama," mkunga alimkatiza. "Zipotezee. Wenzako hapa wamekauka koo kwa kulia."

Kwa hiyo buluu ni maji. Wanawake wa watu wanajinyonganyonga kitandani, na mwanamume mzima anatafuna na kuandika! Jamani, unyama ukiitwa utafiti ndiyo unakuwa halali? Mkunga alijiapiza kwamba hayo maji hayatamwingia mtu wa damu yake.

Asubuhi ile akaletwa mdogo wake. Mimba ya kwanza. Mama yao alifariki binti huyu akiwa bado anatambaa, na aliyemlea ni mkunga. Hata akijikwaa kidole, wa kumpulizia alikuwa dada. Sasa alikuwa amemng'ang'ania shingoni, jasho linamtiririka.

"Dada, siwezi. Nakufa mimi. Nisaidie."

"Hufi. Mimi nipo. Hutasikia kitu, nakuahidi."

Alifungua kisanduku. Kilichokuwa mbele kilikuwa cha buluu. Alitupia jicho mlangoni. Karanga alikuwa koridoni, anacheka na simu. Akikamatwa, kibarua kimeota nyasi. Na kiote tu! Buluu aliitumbukiza mfukoni mwa aproni, nyeupe akaivuta kwenye bomba la sindano, akamchoma.

Haikuchukua muda. Vidole vilivyomkaba shingoni vililegea kimoja kimoja. Mdomo uliokuwa unaita "Dada" ulinyamaza katikati ya neno. Mkunga alishusha pumzi, akamlaza vizuri, akamtengenezea nywele zilizomgandia usoni.

"Umeona?" alimwambia. "Si nilikuahidi?"

Tumbo lilifanya kazi yake lenyewe, na mkunga akafanya yake. Mtoto wa kike alitoka akilia kwa nguvu, mzima kabisa. Ila mama yake alikuwa amechanika, na hapo ikabidi Karanga aitwe. Aliingia akilamba chumvi vidoleni, akanawa mikono juu juu, akavaa glavu. Vidole vile ndivyo vitakavyomgusa mdogo wake, mkunga aliwaza.

Karanga aliinama, akaangalia, na kwa mara ya kwanza akaacha kutafuna.

"Amechanika vibaya huyu," alisema. "Tumchome ganzi kabla sijaanza kushona?"

Mkunga nusura acheke. Alaa! Leo ndiyo amekumbuka kuwa na huruma?

"Ganzi ya nini, daktari? Si unamwona? Hasikii kitu huyu."

"Haya. Wewe ndiye uliyekaa naye."

Akashona. Alishona polepole, akivuta uzi na kusimama kukohoa, akivuta tena. Mkunga alisimama kichwani kwa mdogo wake, akimpangusa machozi kwa pamba na kumnong'oneza sikioni kwamba yamekwisha, kwamba wamempiga chenga Karanga na maji yake, na kwamba mtoto amechukua pua ya bibi yake.

Mchana, wodini, mdogo wake alifumbua macho. Mkunga alikuwa amemsubiri pale pale na mtoto mikononi, amemfunga vizuri kwenye blanketi jipya. Alimwinamia, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

"Haya, mpokee mwanao. Mwambie aliyemtoa ni mama yake mkubwa."

Mdogo wake hakumtazama mtoto. Alikuwa anamtazama yeye, na midomo yake mikavu ilihangaika kabla sauti haijatoka.

"Dada," alisema. "Daktari alitaka kunichoma ganzi. Kwa nini ulimkataza?"