Si Mmoja, Si Wawili

"Si mmoja, si wawili, si watatu..."

Mendel Fishbein, fundi wa taa wa studio, alikuwa juu ya ngazi, mkono mmoja kwenye taa, akihesabu wanaume waliokuwa chini yake. Alipofika "si tisa" akanyamaza. Akaanza upya, akaishia palepale.

"Unahesabu au unakana?" Brendan Doyle alimuuliza kutoka chini. "Kwa hesabu hiyo humu hamna mtu!"

"Kwetu Wayahudi watu wa kusali hawahesabiwi kavukavu. Kijicho kina masikio. Mama alituhesabu hivyohivyo mezani, watoto saba, na wote tukakua."

"Basi nitie na mimi. Nani hapa ana ndevu za kunishinda?"

Mendel alicheka kwa shida. Doyle ndiye aliyeigiza rabi, na sala zote alikuwa amezikariri, lakini alikuwa Mkatoliki wa Kiayalandi na ndevu zake zilikuwa za gundi.

Kipindi chao cha televisheni kilisimulia kila wiki maisha ya padri, mchungaji au rabi. Mafundi wa studio walikiita "Kanzu ya Wiki". Safari hii ilikuwa zamu ya rabi wa mji wa migodi, anayemngoja mtu wa kumi ili ibada ianze. Waigizaji kumi walivishwa mashuka ya sala, yaliyochovywa kwenye chai ili weupe wake usiichome kamera. Kwenye filamu walitimia. Nje ya filamu, Wayahudi kati yao walikuwa sita tu. Ongeza fundi wa kuwapaka rangi usoni, na rabi mzee Zelig aliyeajiriwa kuwasahihisha, na Mendel mwenyewe: tisa.

Na Mendel alimtaka wa kumi wa kweli, kabla jua halijazama, nalo majira haya ya baridi lilizama kabla ya saa kumi na moja. Leo ulitimia mwaka tangu baba yake afariki. Kuna dua ambayo mtoto humsomea mzazi siku hiyo, na haisomwi bila wanaume kumi wa Kiyahudi. "Usiisahau siku yangu," mzee alimwambia hospitalini, vidole vyake vya ushonaji vikimshika shati. Mendel alikuwa amemvunjia baba yake ahadi nyingi. Hii hakutaka iungane na zile nyingine.

Alikuwa ameomba ruhusa ya kutoka saa tisa, awahi sinagogi ya mtaani kwao. Aliyemkatalia ni Bwana Whitcomb, mtu wa kampuni ya magari iliyolipia kipindi. Mbele yake hata mwongozaji alinywea.

"Na taa zako nizishike mimi?" Whitcomb alimjibu. Mkononi alikuwa na mkate wa nyama ya nguruwe, akaula mbele ya rabi mzee kwa namna ya mtu anayetaka aonekane anaula.

"Ana roho ya kutu yule," Mendel alimwambia rabi.

"Usimhukumu mtu akiwa anakula, mwanangu."

Kazi ikasuasua. Doyle aliposali, Whitcomb akasimamisha kamera. "Hicho Kiebrania kipunguzeni! Mama wa Ohio atadhani televisheni yake imeharibika." Kisha akamwendea Doyle, akamvua lile shuka mabegani, akaligeuza utepe uliotariziwa ukae nje. "Kamera inapenda pambo," akasema. Rabi Zelig, aliyekuwa amefungua kinywa kusema kwamba shuka limevaliwa kinyume, akakifunga.

Studio haikuwa na madirisha. Kila taa zilipozimwa zipoe, Mendel alishuka ngazi, akakimbilia mlangoni. Saa kumi, jua lilikuwa juu ya mabohari. Saa kumi na nusu lilikuwa limeyagusa mapaa. Hapo mlangoni alimkuta Whitcomb akivuta sigara.

"Unatafuta nini huku kila saa?"

"Jua, bwana."

"Liko palepale lilipo," alisema Whitcomb, naye akalitazama kitambo.

Picha ya mwisho ilikubaliwa saa kumi na dakika arobaini. Zilibaki dakika kumi jua lizame. Watu tisa wakajikusanya mbele ya sinagogi ya maigizo, ya mbao na rangi, mashuka ya chai mabegani. Mtu akamkumbuka dereva Goldman. Mendel akamfuata mbio hadi kwenye lori, akarudi akihema. Goldman alikuwa Mlutheri.

"Labda Mungu ataniazima kwa dakika tano?" Doyle aliuliza, na safari hii hakuwa anatania. Rabi alimshika bega tu.

Whitcomb akatokea, kalamu mkononi, kofia kwapani. "Mbona hamwendi nyumbani? Zimeni taa!"

Mendel alisikia damu ikimpanda kichwani. "Baba yangu alikufa siku kama ya leo," akasema. "Tunatafuta watu kumi tumsomee. Hukuniruhusu niende kwa wenzangu. Sasa na giza unatutilia?"

Whitcomb aliwatazama wale wanaume mmoja mmoja.

"Mpo wangapi?"

Doyle akarudi nyuma hatua moja, akawaacha wale tisa.

"Basi nitahesabu mwenyewe."

Akainua kalamu, akaipitisha polepole juu ya vichwa vyao, midomo ikimcheza. Mendel alikuwa amesimama karibu naye, ngumi amezikunja, akingoja kufukuzwa kazi. Ndipo aliposikia anachonong'ona.

"...si saba, si wanane, si tisa."

Whitcomb akaivaa kofia yake, akaigeuza kalamu ikaelekea kifuani pake mwenyewe.

"Na si kumi," akasema. "Haya, Rabi, anza. Jua linatuacha."