Kikombe cha Msumarini

Miaka sita Siwatu alikuwa akitafiti historia ya vuguvugu moja la dini la Wahindu, lililofundisha kwamba mbele ya Mungu hakuna mtu najisi, na kwamba watu wote wanywee kikombe kimoja. Mjini alikuwa amebaki mfuasi mmoja tu, ajuza Jasuben, na asubuhi hiyo Siwatu alimkuta jikoni akichemsha chai ya tangawizi.

"Fundisho lile mlilifuata kweli, bibi?"

Jasuben alitazama kikombe cha bati kilichoning'inia msumarini, karibu na mlango wa uani.

"Hekaluni tulilifuata," alisema. "Hapa nyumbani, mjukuu wangu, tuliliimba tu."

"Kile kilikuwa cha nani?"

"Cha yaya wetu. Alinilelea wanangu wanne, na chai yake akainywea pale mlangoni."

Siwatu alikuwa amekitambua tangu alipoingia: cha samawati, kimebanduka rangi ukingoni, kama alivyosimuliwa utotoni.

"Chausiku," alisema taratibu. "Ndiye bibi yangu mzaa mama."

Mwiko ulitulia sufuriani. Kisha Jasuben akakitungua kile kikombe, akakiosha, akakiosha tena. Siwatu akafunga daftari lake. Chai ya kwanza ilimiminwa katika kikombe cha kaure chenye maua, ikawekwa mbele yake. Ya pili ikaingia katika bati.

Jasuben akaibeba kwa mikono miwili mpaka mlango wa uani, akaketi kizingitini. Halafu akasogea upande, akaacha nafasi ya mtu mmoja.