Bahasha Nyembamba

Mpishi alikuwa ametia chumvi kwenye chai mara mbili kabla ya saa nne asubuhi, na wote waliinywa bila kulalamika. Siku za kawaida chai ikipoa kidogo tu, Mzee huirudisha jikoni na maneno juu yake.

Lakini leo ilikuwa siku ya jibu, na mwisho ulikuwa saa sita mchana.

Walikuwa wamekusanyika ukumbini tangu asubuhi na mapema. Mzee, ambaye katika jumba lile ndiye mwenye neno la mwisho, alikuwa amevaa suti ya sherehe na ndara za bafuni. Shangazi, aliyeitwa hivyo na kila mtu na ambaye peke yake alithubutu kumjibu Mzee, alikuwa anafuma kitambaa kisichojulikana ni cha nini. Bwana Hesabu, mtu mwembamba asiyeweza kuona jambo akaacha kulipigia hesabu, alikuwa ameandika kwa chaki nyuma ya mlango: moja kati ya nne. Akafuta. Akaandika tena vilevile.

"Andika basi kitu cha kutia moyo," alisema Shangazi.

"Hesabu haina huruma, Shangazi."

"Kwani moja kati ya nne ni mbaya?" aliuliza Mpishi, sinia mkononi.

"Inategemea wewe ni yupi kati ya hao wanne."

Mpishi hakuelewa, akarudi jikoni kuongeza chumvi.

Msichana mwenyewe, ambaye jibu hilo lilimhusu, hakuwapo. Alikuwa kwa bibi yake, na kwa habari za mtunza bustani, ambaye shemeji yake anakaa jirani na bibi huyo, alikuwa analala usingizi wa pono, anakula vizuri na jioni anacheza mpira wa wavu. Habari hizi zilimkera Mzee kupita kiasi.

"Sisi huku tunakonda, yeye anacheza mpira," alinung'unika.

Na chumba cha msichana kilikuwa tayari. Kilikuwa kimepakwa rangi mara mbili, kwanza ile aliyoitaka Mzee, kisha ile aliyoitaka Shangazi. Godoro lilikuwa jipya, bado na nailoni yake. Mtunza bustani alibadilisha maua ya dirishani kila asubuhi kwa wiki tatu, mpaka bustani ikaanza kuonekana kama kichwa kilichonyolewa nusu.

"Si tumpigie simu tu?" alisema Bwana Hesabu.

"Hatupigi simu," alijibu Mzee. "Tukipiga tutaonekana tuna shida."

"Kwani hatuna?" aliuliza Shangazi, bila kuinua macho. "Mchagua jembe si mkulima. Nilikwambia tuweke akiba, ukasema akiba ni ya watu wasiojiamini. Haya, tujiamini basi, na saa ndiyo hiyo inakwenda."

Mzee alizitazama ndara zake. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa, tena anaogopa sana. Miaka yote alikuwa amejisifu kwamba yeye hapokei cha wastani, kwamba bora kukosa kuliko kujishusha. Sasa kila kitu kilimtegemea msichana mmoja. Mambo yakiharibika, mwaka mzima umekwenda na maji, na yeye ndiye atakayesimama mbele ya watu kueleza.

Saa tano na nusu mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Alikuwa mlinzi wa geti, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, na alikuwa anahema. Mkononi alikuwa na bahasha.

Wote waliiangalia unene wake.

"Nyembamba," alisema Mpishi.

"Nyembamba si lazima iwe mbaya," alisema Bwana Hesabu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema jambo asilokuwa na takwimu zake, na hilo liliwatisha zaidi.

Mzee aliipima bahasha kwenye kiganja. Aliigeuza. Aliinusa.

"Barua ya kukataliwa naijua hata nikifumba macho," alisema polepole. "Huanza na shukrani. Katikati kuna ushindani mkali. Mwisho kuna kila la heri."

"Umeijulia wapi, Mzee?" aliuliza mlinzi.

Shangazi alikohoa. Mzee alijifanya anatafuta miwani, ingawa ilikuwa puani.

"Fungua," alisema Shangazi, safari hii kwa upole. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

Mzee aliichana bahasha, akakunjua karatasi, akasoma kwa sauti iliyokuwa inapungua kila mstari.

"Nawashukuru kwa dhati kwa muda na juhudi zenu. Mwaka huu ushindani ulikuwa mkali mno, na waliostahili walikuwa wengi kuliko nafasi iliyokuwapo, ambayo ni moja. Baada ya kutafakari kwa kina, nasikitika kuwaarifu kwamba chuo kikuu chenu hakikuchaguliwa. Nawatakia kila la heri katika kutafuta mwanafunzi mwingine."

Jikoni sufuria iliendelea kuchemka, kisha Bwana Hesabu akauliza, kwa sauti ndogo, kama kuna aliyetunza namba za simu za wale elfu nane mia tisa tisini na tisa ambao Mzee aliwaandikia barua ya namna hiyohiyo.